Keyboard ya chaki: mimi nilijua herufi za kushoto, Talaso alijua za kulia

Wakuu, salaam aleikum kwa watu wa salaam, na habari zenu kwa sisi wa habari.

Mimi humu ni msomaji tu. Napita kimya, nacheka vituko vyenu, nalala. Lakini juzi kuna kijana alifungua uzi akilalamika kwamba sekondari aliyosoma ilikuwa na kompyuta chache, wanafunzi wawili kwa mashine moja, na ati hilo ndilo lililomharibia maisha.

Wawili kwa mashine moja!

Nilicheka mpaka mjukuu akaja kuangalia bibi amepatwa na nini. Halafu kicheko kikakauka. Neno "wawili" lina mtu wake kwangu.

Kwa hiyo leo nasimulia. Sina ninachouza na sitaki likes. Ni mambo yaliyonipata mwenyewe, Isiolo, miaka ya themanini, na nitayasema yalivyokuwa hata pale yanaponiuma. Kiswahili changu ni cha bara, cha dukani. Ndugu zangu wa pwani na wa Tanzania mtanivumilia.

Naitwa Karimi. Baba yangu alitoka Meru akafungua duka mtaa wa Wabera, Isiolo mjini, kabla sijazaliwa. Sukari, majani ya chai, mafuta ya taa, betri za tochi. Wateja wake wengi walikuwa Waborana na Wasomali, na Kiborana alikisema vizuri kuliko mimi ninavyosema Kiingereza.

Nilipopita mtihani nikaingia sekondari ya wasichana hapo hapo mjini. Nililala bweni ingawa ukisimama karibu na tangi la maji unaona mabati ya duka letu. Baba alisema mtoto akikaa dukani atajua bei ya kila kitu na hatajua kitu kingine.

Darasani madawati yalikuwa ya watu wawili wawili. Vifuniko viwili vya mbao, ufa katikati.

Mimi niliwekwa na Talaso.

Talaso alitoka Kulamawe, kwa watu wa ng'ombe. Alifika shuleni juu ya lori la magunia, kakumbatia sanduku lake la bati, nyusi zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Siku ya kwanza aliangalia chai ya shule kwenye kikombe changu akauliza, "Wewe nakunywa hii? Kwetu hii ni maji ya kuosha sufuria."

Nikamwambia kwao hata sukari wanakuja kuomba kwa baba yangu.

"Na baba yako naomba nyama kwa nani?"

Tukanuniana mpaka jioni, halafu tukawa marafiki. Ni vigumu kumchukia mtu aliyekushinda kihalali.

Sasa Mwalimu Kinoti.

Mwalimu Kinoti alitufundisha hesabu. Mrefu, mwembamba, koti lake ni moja la kijivu na mifuko imejaa vipande vya chaki. Tukiwa Form Three alienda kozi Nairobi wakati wa likizo, akarudi mtu mwingine. Alikuwa ameona kompyuta. Tena si kuona tu, aliishika.

Akatuambia kuna wafadhili wamekubali kuipa shule yetu mashine moja. Itakuja.

Lini, Mwalimu?

Itakuja.

Akaanzisha Computer Club, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Club ya kompyuta isiyo na kompyuta. Walimu wenzake walimcheka kwenye staff room. Tulijua, maana sisi ndio tuliowapelekea chai. Yeye alikuwa na jibu moja tu: "Mgeni akija akute tumefagia."

Jinsi alivyofagia ndiyo uzi wenyewe, kwa hiyo hapa someni polepole.

Alichukua chaki akachora keyboard juu ya kila dawati. Chaki ni nene, herufi zikawa kubwa, keyboard moja ikajaza vifuniko vyote viwili. Ufa wa katikati ukaikata kama unavyokata mkate. Upande wangu wa kushoto nikapata Q mpaka T, A mpaka G, na Z mpaka B. Talaso akapata zilizobaki: Y mpaka P, H mpaka L, na N na M.

"Wa kushoto atatumia mkono wa kushoto," Mwalimu akasema. "Wa kulia atatumia wa kulia. Mkono usio na kazi nataka kuuona mgongoni."

Tukacheka. Hakucheka.

"Muhula huu kila mtu ajue upande wake bila kuangalia. Muhula ujao mtabadilishana viti. Mashine ikifika, kila mtu atakuwa na mikono miwili."

Wakuu, mnaweza kuona mpango haukuwa mbaya. Mpaka leo nikiwaza sioni kosa ndani yake. Ulihitaji tu muhula ujao uje na watu wote.

Basi ikawa hivyo. Mwalimu anasimama mbele, anasema neno, sisi tunaligonga kwenye mbao. Neno "maji": Talaso anagonga M, mimi A, yeye J, yeye I. Ukichelewa, mwenzako anakukanyaga mguu chini ya dawati. Darasa zima likigonga pamoja, lilisikika kama mvua ya kwanza juu ya mabati, na Isiolo mnajua mvua tunavyoitamani. Mpishi aliwahi kutoka jikoni kuanua nguo zake.

Halafu siku moja tukagundua kitu tukigonga majina.

Jina langu, Karimi, karibu lote lilikuwa upande wake. Mimi nilikuwa na A na R tu. Na lake, Talaso, karibu lote lilikuwa upande wangu. Yeye alikuwa na L na O basi.

"Kumbe wewe nimekubeba," akaniambia.

"Na mimi nimekubeba wewe."

"Mimi ni mzito. Usiangushe."

Likawa neno letu. Tukipishana kwenye foleni ya maji, ananiambia, "Usiangushe." Taa za bweni zikizimwa, namwambia, "Usiangushe." Ujinga wa wasichana. Ningetoa vitu vingi leo niusikie tena.

Mikono ya sweta zetu ilikuwa myeupe kwa chaki. Matroni alilalamika mpaka akachoka. Vidole vyangu vilianza kutembea vyenyewe, kanisani nikisikia mahubiri kidole kinagonga paja, lakini ni vya kushoto tu. Vya kulia vilikuwa havijui lolote, vimezoea mgongoni.

Mwalimu alitufundisha mengine pia. Flowchart, yaani mchoro wa hatua za kazi, tulichora chini, uwanjani, kwa kijiti. Mimi nilichora ya kupika chai. Talaso akachora ya kunywesha mifugo kisimani: je, kundi la mgeni limefika? Ndiyo, fanya hivi. Hapana, fanya vile. Ikajaa nusu ya uwanja wa netiboli, na Mwalimu akazunguka akiifuata kwa miguu, koti linapepea, anasema "ehe, ehe" kama mtu anayesikia habari za nyumbani.

Na alitufundisha sheria ambayo alisema ni kubwa kuliko zote: mashine haijui kukagua. Ukiipa uongo itakurudishia uongo, tena umepangwa vizuri. Kwa hiyo data iwe ya kweli, au isiwepo.

Shikeni hiyo sheria.

Kabla ya likizo ya Agosti, Mwalimu akaja amefurahi kupita kiasi. Mashine ilikuwa imeshatoka bandarini. Akasema hataki siku hiyo tuweke ndani ya kompyuta mambo ya vitabu vya Wazungu, treni mbili zinapishana, sijui matofaa. Alitaka data yetu, ya Isiolo.

"Likizo hii," akasema, "kila mtu alete idadi ya mifugo ya nyumbani kwao. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia. Dawati litakaloleta data ndilo litakaloanza kukaa kwenye mashine. Dawati lisiloleta litangoja."

Mimi nikashangilia. Kwetu kulikuwa na mbuzi mmoja na kuku. Kazi imeisha.

Nikageuka. Talaso alikuwa anaangalia kifuniko chake. Nusu ya darasa walikuwa wanaangalia vifuniko vyao, wote watoto wa mifugo.

Wakuu, kuna mtu humu wa jamii za wafugaji ameshaelewa. Kwa wengine nieleze. Kwa wazee wa Kiborana wa wakati ule, mtu hahesabu ng'ombe wake kwa mdomo. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. Mmoja akikosekana jioni anajua ni yupi. Lakini kusimama ukataja namba ni kuita kitu kije kuipunguza. Juu ya hapo kulikuwa na miaka ya shifta, vita vya baada ya uhuru ambapo askari walichukua na kuua mifugo, ambayo wazazi wa wenzangu hawakuwa wameisahau. Kwao, mtu wa mjini akiuliza una ng'ombe wangapi, hilo halijawahi kuwa swali zuri.

Mwalimu Kinoti hakujua. Alitoka kwenye mashamba ya kahawa. Kwao mtu anahesabu miche yake kwa sauti na jirani anamsifu.

Talaso alimfuata nje, nami nikamfuata yeye.

"Mwalimu, kwetu ng'ombe hawahesabiwi."

Mwalimu akatabasamu, akamwambia kwa upole, "Talaso, ni namba tu. Namba haimli mtu."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayemtoa mtoto hofu ya giza. Ndiyo maana mpaka leo nashindwa kumkasirikia sawasawa.

Tukarudi kwenye dawati. Nikamwambia Talaso suluhisho la dukani: taja namba yoyote. Nani atajua?

Akaniangalia kama nimetukana. "Nidanganye mashine? Irudishe uongo?"

"Basi usilete. Tutangoja."

Akapitisha kidole juu ya ufa wa dawati. "Mimi nataka kukaa hapo, Karimi. Mimi na wewe, wa kwanza. Sitaki kungoja."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu muhula ule. Akapanda lori.

Likizo ile jua lilikuwa baya. Mvua zilikuwa zimegoma tangu mwaka uliotangulia, na sasa hata Isiolo mjini ulikuwa unaona wafugaji wanakuja na ng'ombe waliokonda mpaka unaona haya kuwatazama. Baba alikuwa anauza unga zaidi kuliko sukari. Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa nawaza mashine.

Shule ikafunguliwa. Kiti cha kulia kikawa kitupu.

Nikasema lori limechelewa.

Nikasema tena.

Siku moja nikaitwa getini. Kulikuwa na kijana ameshika fimbo, kanzu imetoboka begani. Ni Guyo, kaka yake Talaso. Alikuwa amekuja kuchukua sanduku la bati na godoro. Mwalimu Kinoti alikuwa amesimama naye, na uso wake ulikuwa umeshabadilika.

Guyo akarudia ili nami nisikie. Kwamba jioni moja mifugo ikirudi, Talaso alisimama mlangoni pa boma akahesabu. Kwa mdomo. Alijaribu kwa sauti ndogo, lakini watoto walikuwa karibu.

"Baadaye ng'ombe ikaanza kuanguka," Guyo akasema. "Yetu. Halafu ya jirani. Halafu ya watu yote."

Mwalimu akamwambia, "Lakini ni ukame! Kila mahali wanakufa!"

"Mimi najua, Mwalimu. Abba anajua. Watu ndio hapana jua."

Akabeba sanduku kichwani akaondoka. Mimi ndiye niliyemsaidia kufunga godoro kwa kamba.

Mwalimu Kinoti hakufundisha siku hiyo. Jioni alienda Wabera dukani kwa baba. Sijui walivyozungumza, lakini Jumamosi iliyofuata lori lililopeleka unga Kulamawe lilibeba watu watatu zaidi: Mwalimu, baba, na mimi. Baba alikuwa anamjua mzee wao, Abba Guyo, yaani baba yake Guyo, mteja wake wa siku nyingi. Kitu tulichoenda kuomba kilikuwa kimoja: Talaso arudi shule.

Ya njiani sitawaeleza. Mizoga ilikuwa kando ya barabara, na dereva hakuwa anawasha redio.

Abba Guyo alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Salamu ndefu, ya wagonjwa na wazima. Tukapewa chai, na mara hii ndiyo ilikuwa nyeusi, haina hata tone la maziwa. Nikakumbuka maji ya kuosha sufuria. Niliinywa yote.

Mwalimu akavua kofia. "Mzee, mimi ndiye niliyemtuma. Sikujua. Naomba unisamehe, na mtoto arudi."

Abba Guyo akasema, "Mtu hapana jua, hana makosa. Mwalimu, mimi hapana hasira na wewe. Wewe nataka hesabu."

Akanyoosha mkono kuelekea boma. Boma lilikuwa kimya.

"Sasa hesabu ni rahisi. Hata mtoto naweza."

Mwalimu akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona mtu mrefu akiwa mfupi namna ile.

Baba akajaribu kwa Kiborana. Akasema karo isiwe shida, duka lipo. Mzee akamshukuru, akakataa. Shida haikuwa karo. Shida ni kwamba kila ng'ombe wa mtu alipoanguka, macho yaligeukia mtoto wake. Alikuwa anampeleka kwa wajomba, mbali kaskazini, mpaka midomo ichoke.

"Huko iko shule?" Mwalimu akauliza.

"Huko iko Mungu," mzee akajibu.

Hakukuwa na zaidi.

Talaso alikuwa nyuma ya nyumba. Nilidhani nitamkuta analia. Nilimkuta amepiga magoti mchangani anachora miraba kwa kidole. Alikuwa amechora upande wake wote, Y mpaka M, umenyooka kuliko ule wa Mwalimu.

"Kaa," akasema. "Chora yako."

Nikachora. Keyboard nzima ikawa chini, bila ufa.

"Muhula ujao tungebadilishana, sivyo? Basi nipe yako sasa. Mimi naenda mbali."

Nikamshika mkono wa kushoto. Nikaweka kidole kimoja kimoja mahali pake. Kidole kidogo kwa A. Kinachofuata, S. Alikuwa na mkono mgumu wa kukama, lakini alishika haraka, kama kawaida yake. Akakosea, nikamkanyaga mguu, akacheka. Tukagonga "Talaso" mpaka likatoka lote kwa mkono wake mwenyewe, herufi zangu na zake. Tukagonga "Karimi". Mchanga ukawa unafutika, tunachora upya.

Alizijua zote. Naapa alizijua zote.

"Sasa yako," nikamwambia. "Nipe yako."

Akabadilisha upande, akachukua mkono wangu wa kulia. Akaweka kidole changu juu ya J.

Lori likapiga honi.

Baba akaita. Dereva hakutaka giza limkute kwenye ile barabara, na mwaka ule hakuna ambaye angemlaumu.

"Yangu nitakupa siku nyingine," Talaso akasema. "Iko tu. Haiendi mahali."

Akasimama, akajipangusa magoti, akanisindikiza mpaka kwenye tairi.

"Usiangushe," akaniambia.

Mimi sikuweza kumjibu, wakuu. Nilipanda tu.

Mashine ilikuja tukiwa Form Four. Madawati mengine yalikuwa yameshabadilishana viti; mimi sikukubali kukalia kile cha kulia, na Mwalimu hakunilazimisha. Ilikuja kwenye boksi limefungwa kamba za plastiki, ikakaa ofisini kwa mwalimu mkuu chini ya kitambaa cha meza mpaka jenereta ikapatikana. Siku ya kuiwasha, club nzima ilijipanga mstari tumevaa sweta safi. Kioo kikawa cheusi, halafu kikatokea kimstari kidogo cha kijani kinachopepesa. Wasichana wakapiga vigelegele.

Data ya kuingiza ilikuwepo, lakini si idadi. Tangu tulipotoka Kulamawe, Mwalimu alikuwa amefuta swali lile. Badala yake alimwambia kila msichana aeleze mnyama mmoja tu: rangi, pembe, mama yake ni nani, tabia yake. Wale waliokuwa wanaangalia vifuniko wakaanza kuongea mpaka kengele ikalia. Hiyo ndiyo rekodi, Mwalimu alisema. Alikuwa amejifunza, na kujifunza kwake kulikuwa kumegharimu mtu.

Lakini kwanza kila mmoja alipewa nafasi ya kuandika jina lake.

Zamu yangu ikafika. Nikakaa. Nikaweka mikono yote miwili. Mkono wa kushoto ukaruka wenyewe, bila mimi kuangalia. Mkono wa kulia ukakaa tu. Ningeweza kutafuta herufi kwa macho, nilijua kusoma jamani, lakini mkono haukutaka. Ulikuwa unangoja mtu.

Kwenye kioo kukatoka: ar

Wenzangu wakacheka. Mwalimu Kinoti hakucheka. Aliinama akaniambia polepole, "Jaribu la mwenzako."

Nikaandika. Kikatoka: taas

Tukabaki tunaangalia hizo herufi nne za kijani, mimi na yeye. Halafu akatoa kitambaa kwenye mfuko wa koti, chaki zikamwagika sakafuni, akainama kuziokota na akakawia huko chini.

Ndiyo hivyo. Mimi niliyepata mashine nilikuwa na nusu. Aliyekuwa nayo yote alikuwa mbali kaskazini, ambako hakukuwa na mashine.

Maisha yalienda. Nilisomea ualimu, na miaka ya mbele kompyuta zilipoenea nikafundisha somo hilo hilo. Wanafunzi walinicheka nyuma ya mgongo: mwalimu wa kompyuta, kushoto anaruka, kulia anadonoa kwa kidole kimoja kama kuku. Najua kuna mtu atauliza humu, kwa nini mama usijifunze, ni wiki chache tu?

Sijifunzi kwa sababu niliahidiwa. Ni ukaidi, najua. Lakini ule upande una mwenyewe.

Nilimtafuta. Guyo alihama, wazee walifariki. Niliuliza Garba Tulla, niliuliza Merti, niliuliza kila mteja wa kaskazini aliyeingia dukani mpaka baba akafunga duka. Wengine walisema aliolewa, wengine walisema alivuka mpaka. Hakuna aliyekuwa na hakika, na mimi habari isiyo ya kweli sitaki kuiingiza.

Nilichojifunza ni kidogo. Walimu mlio humu, hasa nyinyi vijana mnaofundisha data: kabla ya kumwuliza mtu ana ngapi, jua kwanza kama kwao watu huhesabu. Na darasani kwangu, mpaka nilipostaafu, wanafunzi wawili kwa mashine moja walibadilishana viti kila kipindi. Sikungoja muhula ujao hata mara moja. Walinung'unika, nikawaacha wanung'unike.

Nyuzi kama hizi huishia kwa kuombana maoni. Yangu ni haya: tukaneni, chekeni, semeni nilikuwa mjinga, sawa. Ila kama unatoka upande wa Moyale, Marsabit, au huko ng'ambo, na unamjua mama wa umri wangu aitwaye Talaso, ambaye akikaa bila kazi vidole vyake vya mikono yote miwili hugonga mapajani, nenda kamwulize anagonga nini.

Akikwambia, mwambie kuna mtu Isiolo hajaangusha. Mwambie jina lake bado linatoka bila kuangalia, zile herufi nne. Na ile siku nyingine aliyosema, mimi bado niko.

Ni mimi, Karimi. Hiyo K na hiyo M na hizo I mbili, nimezitafuta kwa kidole kimoja, kama kawaida.